Posa ya Mabela

Mwanamize shoga yangu, nna hasira leo.

Tumekwenda mtaa wa Mabela kumposea mwanangu Fahd. Baba yake kaliacha gari jipya nyumbani, kachukua lile bovu lake la Kimarekani la mwaka hamsini na saba. Ati lina heshima.

Heshima yenyewe ikazimika mlangoni kwa wakwe. Wazee wetu wanne, kanzu zao za dishdasha nyeupe pepepe, wanasukuma.

Baba wa binti akatoka, akayapapasa yale mapezi ya nyuma ya gari. "Nilipokuwa Kuwait nikiyatazama magari haya yakishindana mbio kwenye televisheni."

Basi tena. Kahwa, halwa, hadithi za mashindano, mpaka Maghrib. Binti hakutajwa.

Tunaaga, akamshika mume wangu mkono. "Nna ombi, usinikatalie. Niuzie."

Sasa Fahd ananiuliza tumejibiwa nini. Nimwambie lililoposwa ni gari?