Saa Moja ya Kinshasa

Alhamisi jioni. Mvua imekatika, umeme umerudi, na mimi nimekaa kitandani na viatu vyangu vya kazi bado miguuni.

Leo nimesifiwa mbele ya watu wote, na sifa hiyo si yangu. Kuna mtu aliyebeba lawama yangu. Nilimwangalia akiibeba na nikanyamaza. Kesho asubuhi ataitwa kujieleza.

Acha niandike yote sasa hivi, maana nikiyalaza hadi kesho nitayapamba.

Mimi ndiye fundi wa mtandao wa polikliniki yetu. Maabara na akiba ya damu ziko Kampemba, maternité, wodi ya kujifungulia, iko mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi. Mkunga akihitaji damu anaandika ombi kwenye kompyuta, nalo linafika maabara na jina la mgonjwa na kundi lake. Kabla ya kompyuta kukubali kuongea na seva, seva lazima ionyeshe cheti, kama wewe unavyoonyesha kitambulisho polisi wakikusimamisha. Cheti kina saa yake ya kuisha. Chetu kilikuwa kinaisha leo, saa nane mchana.

Jumatatu niliwatangazia watu wa maternité kwamba ninakuja kwa ajili ya certificat mpya. Mama Virginie, mkunga mkuu, akanitolea kitabu kizima cha certificat de naissance, vyeti vya kuzaliwa, akaniuliza mtoto ni wa nani. Walinicheka hadi jioni, na mimi nikacheka nao.

Kazi yenyewe haitaki ujanja, inataka utaratibu. Cheti kipya kina sahihi mpya ya makao makuu, Kinshasa. Kwanza unaifundisha kila kompyuta kuitambua sahihi hiyo, moja moja, bila kuruka hata moja. Zikishaijua zote, ndipo unabadilisha kwenye seva, na kile cha zamani hukifuti hadi umeona kipya kinafanya kazi. Ukiwahi, kompyuta ambazo hazijafundishwa zinakataa. Ukichelewa, zinakataa zote. Kinshasa walinitumia cheti jana jioni tu, basi nikapanga kubadilisha leo saa saba na nusu. Nusu saa ya akiba. Nilijiona mtu makini.

Saa saba na dakika mbili simu ikalia. Nilikuwa maabara, zimebaki kompyuta mbili.

"Mutoto wangu, machine inakatala!" Alikuwa Mama Virginie. "Inasema certificat ilishakufa. Niko na mama hapa, alizala sasa hivi, damu haisimame!"

Haikuwezekana. Cheti kilikuwa na karibu saa nzima ya kuishi.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa.

Kwanza damu. Nilimpa simu Papa Ilunga wa maabara, akaandika ombi kwa kalamu, akalisoma kwa sauti mara mbili, jina na kundi, na Mama Virginie akaitika kila neno. Papa Ilunga akakimbilia friji. Nikarudishiwa simu. Damu ya kwanza ingefika, lakini bila mtandao kila chupa ya pili na ya tatu ingepitia simu hiyohiyo, na kwa simu kundi la damu linakosewa kwa herufi moja tu.

Mkono wangu ulitaka kubadilisha cheti papo hapo. Ningefanya hivyo, zile kompyuta mbili za maabara zingekatika, na ndizo zinazotoa damu. Njia ya pili ilikuwa kumwambia Mama Virginie aiamuru kompyuta yake ikubali seva yoyote bila kuuliza cheti, yaani nyumba ilale wazi. Nikakataa pia.

"Mama, machine inaonyesha saa ngapi?"

"Saa saba na dakika ine."

Sahihi kabisa.

"Na kando ya saa wanaandika muji gani?"

"Kinshasa."

Kompyuta ile ya maternité ilitayarishwa Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Ilipofika huku, mtu alichoka kuona saa iliyochelewa, akaisukuma mbele kwa mkono, mji akauacha uleule, akazima na ile kazi ya kujirekebisha kupitia mtandao. Kwa macho yetu saa ikawa sawa. Lakini kompyuta iliamini kwamba Kinshasa ni saa saba, basi Lubumbashi ni saa nane imeshapita. Kwake cheti kilikuwa kimekufa.

"Rudisha saa moja nyuma, mama."

"Lakini hiyo itakuwa bongo, saa ya uongo!"

"Iache iwe bongo. Rudisha tu."

Akairudisha. Ikafungua.

Nilimaliza zile mbili, nikabadilisha kwenye seva saa saba na nusu, nikajaribu kompyuta moja moja. Saa nane ikapita na hakuna kilichokatika. Mama yule ni mzima, na mtoto wake pia.

Kisha Directeur, mkuu wa polikliniki, akatukusanya, akauliza. Nani aligusa saa ya maternité? Nywila ya mashine ile anayo Mama Virginie, basi macho yote yakamgeukia.

"Labda iko mi, Directeur," alisema. "Mi siyue mambo ya machine."

Directeur alimkaripia kama mtoto, akamwambia ajieleze kwenye kikao cha kesho. Mimi akanipongeza.

Ni mimi niliyeigusa.

Mwaka jana Mama Virginie alilalamika kwamba watoto wanaandikiwa saa ya kuzaliwa isiyo yao. Nilikuwa na haraka. Nikasukuma saa mbele, nikaondoka.

Nilipofungua ripoti ya Kinshasa jioni hii, maneno yalikuja yenyewe: erreur d'utilisateur, kosa la mtumiaji. Sisi mafundi tunayapenda sana. Nikayafuta, nikaandika jina langu, nikaituma. Halafu nikampigia.

"Mama Virginie, ile saa, ni mimi niliisukuma."

"Minayua, mutoto wangu. Nilikuwa nasimama nyuma yako."

"Sasa juu ya nini ulijisema wewe?"

"Njo mi nilikuomba uitengeneze. Na nilikuwa nakuangalia kama utasema."

Nikamwomba msamaha.

"Ni muzuri umeniita," akasema. "Lakini usiniambie mi ku telefone. Mi balinitukana mbele ya bantu."

Kikao ni saa mbili asubuhi. Nitasimama kabla hajaitwa. Naogopa kuliko nilivyoogopa mchana, na safari hii hakuna utaratibu wa kufuata. Je, sauti itatoka?