Pumzi ya Mama na Mtambo wa Mtoni

Jumatatu, 4 Machi
Mtambo umezunguka kutwa nzima bila kukwama. Watu walipoambiwa umeme utatoka mtoni bila bwawa, maji yakijipitia tu, walicheka hadi basi. Kaka ndiye aliyeubatiza "pangaboi". Sasa anachaji simu kwangu kila siku, wala haoni haya! Mama amelala vizuri. Mashine yake ya oksijeni inanguruma kando ya kitanda, nami nikiisikia moyo unatulia.

Jumatano, 6 Machi
Mvua kubwa huko juu. Maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nimetoa magugu kwenye mapanga ya mtambo mpaka mikono ikachubuka. Fundi aliyenisaidia kuufunga kanikumbusha: ukiona magogo yanashuka usingoje, zungusha winchi, inua mtambo wote juu ya maji. Gogo moja likiupiga, hatuna kitu. Najua! Lakini ukiinuliwa umeme unakatika palepale. Na betri ya mashine ya Mama imechoka, haimalizi hata saa moja. Naogopa sana.

Ijumaa, 8 Machi
Magogo!

Nimeyaona asubuhi yakikata kona. Nilishika mkono wa winchi, nikashindwa kuuzungusha. Kaka akafoka: dada, mtambo ukivunjika, kesho Mama atapumua nini? Nikamjibu: na leo je? Tukagombana kama watoto, palepale ukingoni, gogo la kwanza likipita karibu kabisa.

Mama alitusikia dirishani. Akaniita. Nilimkuta ameketi, mpira wa oksijeni ameshautoa puani mwenyewe, ameukunja mapajani.

"Kauinue, mwanangu. Nikizidiwa nitaurudisha. Betri tuitunze."

Nimeuinua. Nililia nikizungusha, sioni aibu kusema.

Sasa niko kitandani kwake. Kaka amebaki mtoni, tumeelewana apige mluzi magogo yakiisha, nikimbie kuushusha. Mpira nimemrudishia Mama baada ya midomo yake kubadilika rangi. Hakubisha, na hilo ndilo linanitisha. Taa ya betri imegeuka nyekundu. Ameiona.

Ananiuliza yamekwisha? Nimemwambia yanaisha. Sijui lolote!

Mkono wangu wa kushoto ameushika, hauachii. Naandika kwa wa kulia ili nisimtazame kifua. Mluzi bado. Mashine imeanza kulia ile milio yake mifupi ya betri kuisha –