Mawe Yako Meusi, Kaka

Ikinga, Ileje
Agosti 2004

Kaka yangu mpendwa Asajile,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini hujambo huko Kitwe, wewe na huyo wifi tunayemsikia tu kama redio. Sisi tu wazima, isipokuwa baba, na habari zake nitazifikia. Usiruke mistari kuzitafuta. Ungekuwa na haraka nazo ungekwisha kuandika.

Krismasi ya mwaka juzi ulikuja na viatu vyako vyenye ncha, ukapanda kilimani tunakovunja mawe ya chokaa. Ukachomoa bonge jeusi lililokuwa limeganda katikati ya mwamba mweupe, ukamwambia baba kwamba hayo ni madini na Wazambia wanayatafuta kwa tochi. Ukamwagiza akusanye, ukaahidi kuja mwenyewe kuyachukua. Mtu aliyekulia kwenye tanuri la chokaa haijui gumegume, jiwe gumu jeusi lisilo na bei. Hata mbuzi wetu wasingekosea hivyo.

Nikukumbushe, maana naona Kitwe imekufuta akili. Jiwe la chokaa ukilikwaruza kwa kisu linatoa unga, ukilidondoshea limau linatoa povu. Ndani yake unaona visukuku, makonokono ya zamani yaliyogeuka jiwe, na baba alikuwa akisema lenye makonokono mengi ndilo linaloungua vizuri. Gumegume kisu hakiifanyi kitu. Limau linateleza tu. Ukiigonga inavunjika kwa makali kama chupa, na ikiingia tanurini inalipuka na kurusha vipande. Ndiyo maana tulikuwa tunaichambua na kuitupa bondeni. Zilizokuwa zikilipuka zilitoka kwenye fungu lako, kwa sababu ulikuwa unachambua huku unapiga mluzi.

Tangu siku ile baba hakutupa tena gumegume hata moja. Alizirundika chini ya kitanda chake. Majirani nao, ambao wangekuona unakula majivu wangekimbilia vijiko, wakaanza kuchimba mpaka katikati ya mahindi yao. Msimu ule walivuna mashimo.

Mwezi wa sita nilichoka. Nikatia mawe kwenye kiroba, nikayapeleka Tunduma kwa Osward, yule dalali uliyemsifia kwa baba kuwa ni mtu wa kuaminika. Nilimkuta amevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Alinisalimia kwa Kibemba, mukwai huku, mukwai kule, ilhali amezaliwa Vwawa, upande wetu huu wa mpaka. Akalilamba jiwe, akafumba macho kama anaonja mchuzi, akasema ni la daraja la kwanza, ila linahitaji kusafishwa kwa dawa, na dawa hiyo anaiuza yeye. Nikampa kisu nikamwomba alikwaruze mbele yangu. Akanijibu kwamba wanawake hawaelewi mambo ya madini. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilimwachia kiroba kizima aendelee kulamba.

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira. Kifua cha baba kilikuwa kimeshambana, hawezi tena kutoka kitandani, na mimi badala ya kumwonea huruma nikamwambia kwamba mwanawe ni mwongo na kwamba amelalia takataka. Nikachukua kisu na limau nimwonyeshe. Akanishika mkono. Akasema nisiharibu limau, kwamba yeye alikuwa anachoma chokaa kabla sijazaliwa, na aliijua gumegume ile siku ileile ulipoichomoa mwambani. Nikamuuliza kwa nini basi ameitunza. Akasema kwamba kwa ajili yake hukuwahi kuahidi kurudi hata mara moja, lakini kwa ajili ya mawe uliahidi.

Nililia, kaka. Sikukulilia wewe.

Mganga wa zahanati ameniambia nisitegemee kwamba baba ataiona mvua ya kwanza. Kwa hiyo njoo. Usije kuomba msamaha, kazi hiyo huijui. Njoo na viatu vyako na uongo wako wote. Ingia chumbani, piga magoti, uyavute mawe yako chini ya kitanda, uyashike, uyasifu. Usimwambie kwamba nimekuandikia haya. Uyabebe mpaka barabarani, na mlango uuache wazi ili akuone. Ukishafika Tunduma yamwage popote.

Na jambo moja nalisema kwa aibu, mimi niliyewacheka majirani. Wiki iliyopita nilipanda kilimani na nyundo, nikachomoa gumegume za kutosha kiroba kizima, nikazipanga chini ya kitanda wakati baba amelala, pale palipobaki pengo la zile nilizompelekea Osward. Nilizipima zote kwa kisu, nisije nikachanganya na jiwe la chokaa.

Msalimie wifi. Baba naye anakusalimu sana. Amesema nikuandikie tu kwamba mawe yako yapo, na kwamba hakuna aliyeyagusa.

Ni mimi mdogo wako,
Tusekile