Shangazi Aliyesimama Kushukuru

Kipling Avenue, Rexdale,
Toronto.
3 Mei 2015

Mpendwa wifi yangu Otilia,

Nakusalimu kwa furaha kutoka huku kwetu, ambako theluji imeondoka juzi tu na mimi sijaiamini bado, koti zito lingali mlangoni. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji Eustache, presha imetulia? Sisi wazima. Magoti yangu yanalalamika kwa kusimama ghalani kutwa, lakini siyasikilizi, nayapandisha basi hivyo hivyo.

Mzigo wako tumeupokea wote: kahawa, soksi za sufu, na mtoto mwenyewe.

Jeni aliondoka hapa mwaka 2006 akinijibu kila neno kwa Kiingereza. Wiki iliyopita, uwanja wa ndege, akapiga goti mbele za watu: "Shikamoo mama." Niligeuka nyuma nione anamwamkia nani! Wenzangu wanapeleka watoto Bukoba wakajifunze Kiswahili, wangu kajifunzia Sweden, jikoni kwako. Wifi, kwa hilo peke yake ningekushukuru mpaka kesho.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ni kaka yako Nicolaus. Hajakusemesha tangu mwaka ule. Binti kamaliza chuo, kazi ya famasi inamngoja, halafu shangazi anamwita Sweden akadake golini kwenye hoki ya barafu! Nicolaus alisema umemwibia mtoto, na tangu hapo jina lako halikutajwa mezani kwetu. Nimelala na huzuni hiyo miaka yote. Yeye nampenda, na wewe nakupenda.

Jana tulimwandalia Jeni karamu ndogo kule Malvern, kwenye ukumbi wa kanisa. Mzee Januari, anayeongoza jumuiya yetu ya Watanzania, akamwambia, "Hebu tuambie, binti, hiyo timu yenu ilianzaje?" Mambo yenyewe unayajua kuliko sisi, lakini nataka usikie yalivyosimuliwa huku, maana kaka yako alikuwa meza ya mbele, mikono kaikunja kifuani, anatazama dari.

Jeni akaanza na wale kina mama wa kiwanda cha karatasi waliounda timu kabla yeye hajafika. Walikuwa chini ya klabu ya wanaume, wakivaa jezi kuukuu za wanaume, wakipewa barafu wanaume wakishaichakaza. Mwisho wakachoka, wakaitisha mkutano waanzishe klabu yao wenyewe. Kila kitu kilikubaliwa, ila bila mwenyekiti klabu haiandikishwi, na kila aliyetajwa alitikisa kichwa. Watu wakaanza kushika makoti yao. Ilibaki kidogo tu watawanyike na timu ife.

"Basically," Jeni akasema, "shangazi alidhani mkutano umeisha na hakuna aliyetoa neno la shukrani."

Wifi, ukumbi mzima ulicheka kabla hajamaliza! Nani kati yetu hakukuona akilini? Mgeni uliyekwenda kumsindikiza mtoto, unasimama, unaweka mkoba chini, unamshukuru Mungu, unawashukuru kina mama waasisi, mzee anayetengeneza barafu, na waliochemsha kahawa. Wale wazungu wakajua mwenye kusimama wakati kiti kiko wazi anakitaka. Wakapiga makofi, wakakuchagua. Unarudi kukaa, unaonyeshwa mbele.

Na hukukataa. Hapo Jeni aliacha kucheka. Alisema hukujua hata kuteleza, lakini jezi zao wenyewe walizipata kwa juhudi zako. Waliposhuka daraja ulikuja na maandazi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, hukumlaumu mtu. Walipopanda tena ulikuja na maandazi yale yale. Sasa kuna timu ya wasichana wadogo. Akasema, "Bila shangazi kusimama, nisingekuwa na pa kudakia."

Nikamtazama kaka yako. Mabega yalikuwa yanatikisika, nikadhani anacheka, na kweli alikuwa anacheka, lakini alikuwa anafuta macho pia. Akasema kwa sauti, "Huyo ndiye dada yangu. Tangu utoto hawezi kutoka mahali bila kushukuru."

Kisha akasimama. Hakuna aliyemwomba. Akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mimi ni kaka wa mwenyekiti. Namshukuru dada yangu Otilia, kwa kuwa..." Basi. Hakuweza kuendelea. Alisimama pale, mkono kwenye kiti, mpaka Mzee Januari akamshika bega akamkalisha.

Nisalimie sana shemeji Eustache, na mzee wa barafu, na hao wasichana wadogo. Ukizungumza na mama kule Kamachumu, mwambie mjukuu wake ananenepa. Mungu akuzidishie afya na akulipe pale nisipoweza mimi.

Asubuhi ya leo, tukitoka misa, Nicolaus ameniomba namba yako. Anaikariri tangu mchana na bado hajapiga. Nakujua, simu ikiwa kimya unakata. Akipiga, wifi yangu, halafu usisikie kitu, usikate. Ni yeye, anamalizia neno la shukrani.

Mimi nikupendaye na kukuheshimu,
wifi yako,
Dative