Kanda Iliyomkata Mama

Bi Ruqaiya, shikamoo, natumai hujambo wewe na nyumba yako, naomba unisikilize kabla hujanicheka kwa sababu jambo langu linahusu sinema. Iko filamu ya mizuka, Binti wa Magofuni, Waitaliano waliitengeneza kwetu Takaungu kabla sijazaliwa, mbovu kupita kiasi, mzuka wa kale ana saa mkononi, lakini hapa Malindi wapo watu wanaoijua neno kwa neno, na mume wangu Uweis ndiye mkubwa wao, anakusanya kila toleo, ana kanda ya vidio ya zamani, ana DVD ambayo hata punda anasemeshwa Kiitaliano, na majuzi akaletewa diski mpya ambayo picha yake imesafishwa, akaniketisha tulinganishe, huku kanda, huku diski, mpaka nikachoka na rangi ya bahari na hiyo saa ambayo sasa waweza kuisoma.

Basi ikafika pale wageni wanapopita kichochoroni. Kwenye kanda pana ukuta na punda, basi. Kumbe sinema yenyewe ni pana, kanda ilikatwa kandokando ipate kuenea televisheni za zamani, diski mpya imerudisha pande zote mbili, na upande wa kushoto, Bi Ruqaiya, amesimama msichana anacheka, ushungi umemwangukia mabegani, na uso ni huu wangu mimi. Wallahi nikaisimamisha picha hapo hapo. Mama alifariki nikiwa mchanga na picha zake zikachomwa zote, ndiyo ada ya nyumba yetu, sikuwahi kumwona. Nikamwita shangazi Zainab, dadake baba, naye alipotazama akaketi chini sakafuni. "Subhanallah! Ni yeye huyo, na kicheko ni hicho hicho." Tukalia sote wawili. Kisha akajifuta machozi akasema, "Izime. Marehemu hatazamwi, tena kichwa wazi. Na babako usimwonyeshe, utamuua."

Baba ana maradhi ya moyo, naye ana kanda yake ya sinema hiyo hiyo, huiangalia kila Idi, na ikifika hapo kichochoroni huburuta kiti chake akaketi upande wa kushoto kabisa wa televisheni, nasi tulikuwa tukicheka, tukadhani ni macho, tukampeleka kupimwa miwani. Sasa nadhani nimeelewa, na usingizi sipati. Nimwonyeshe ama nimfiche?

Hafidha, Malindi

Marahaba, mwanangu Hafidha. Nilianza kukusoma nikicheka, na nilipofika kwenye kiti cha babako nikavua miwani yangu. Mungu ni mkubwa. Miaka yote hiyo mama yako amesimama pale pale, shibiri moja nje ya kioo, na mumeo anabishana na wenzake juu ya saa ya mzuka!

Lakini wewe nawe! Unaniuliza mimi kama mtu aruhusiwe kumwona mkewe? Babako anajua mkewe alisimama wapi siku ile. Moyo wake umestahimili ukuta na punda Idi baada ya Idi, na nyinyi mkamnunulia miwani.

Shangazi yako usimdharau, anamstahi wifi yake, na hapo ana haki. Kwa hiyo Uweis asithubutu kuwaonyesha wenzake, wala asiitume picha hiyo kwa simu. Nywele za mamako si jambo la kulinganishia matoleo.

Sasa fanya hivi. Muulize kwanza daktari wake. Kisha nenda asubuhi, babako akishakunywa chai, uende na shangazi yako, wala usimshtukize. Mwambie, "Baba, iko sinema ile ambayo haikukatwa. Mama yumo. Wataka kumwona?" Akikataa, mbusu mkono na usilitaje tena mpaka alitaje mwenyewe. Akikubali, Uweis aweke diski, atoke nje na maelezo yake yote. Nyinyi wawili kaeni nyuma. Msimuulize kitu, msimharakishe. Na rimoti mpeni ashike yeye.