Neno Lililomtisha Bibi Ingrid

Jumamosi, Machi 2016. Theluji inayeyuka, mji wote wa Blaine ni matope, nami nimechoka kwa namna nzuri.

Asubuhi nilitaka kuacha kazi. Niandike ukweli.

Namtunza Bibi Ingrid, mzaliwa wa Uswidi. Siku hizi Kiingereza kinampotea kidogo kidogo, anarudia lugha ya utoto wake. Leo ametimiza miaka tisini. Nilimshonea shali ya kitenge, nikaitia kwenye boksi, nikaandika juu kwa herufi kubwa: GIFT. Yaani zawadi, kwa Kiingereza.

Alipolisoma, akalisukuma boksi. Akafumba mdomo. Kahawa hataki, dawa hataki, hata mkono wangu hataki.

Nilidhani ni rangi yangu. Miezi minane namwogesha, kumbe ananiogopa! Nikaingia jikoni nikalia.

Saa sita akaja binti yake, Karin. Alipoliona boksi akashika kichwa. "Pole, Espérance! Kwa Kiswidi neno hilo ni sumu."

Tulicheka hadi tukaegemea friji. Karin akakichana kipande chenye lile neno, bibi akajifunika shali, akanywa kahawa vikombe viwili.

Kisha Karin akaniambia kwamba neno hilohilo, kwa Kiswidi, pia ni mtu aliyeoa au kuolewa. Wajerumani nao sumu huiita hivyo. Yote yametoka kwenye kutoa: mtu hupewa zawadi, mgonjwa hupewa dawa kwa kipimo, ikizidi ni sumu, binti hutolewa kwao.

Hapo sikucheka tena.

Mimi nilitolewa. Kule kwetu Uvira, nikiwa na miaka kumi na saba, baba zangu wadogo walipokea ng'ombe, na hakuna aliyeniuliza. Yule mume alinipiga miaka tisa, hadi nikakimbia na watoto. Hao Waswidi hawakukosea sana.

Tangu Noeli, Baba Sifa wa kanisani kwetu, aliyefiwa na mkewe, anangoja jibu langu kwa posa yake. Nimekuwa nikimkwepa. Lakini leo, nimekaa garini, jambo moja likanijia: huyu ameniuliza mimi. Si baba zangu wadogo, si mchungaji. Mimi.

Nikampigia kabla sijawasha gari.

"Mama Espérance? Kuna shida?"

"Hakuna. Kesho baada ya ibada, njoo ule na sisi."

"Nitakuja," akasema, sauti imembadilika.

Sijamwambia ndiyo. Nimemwambia njoo. Niliendesha polepole hadi nafika nyumbani Saint Paul, lakini si kwa hofu.

Sasa, nitapika nini?