Petroli Iliyochacha

Jumatatu, 2 Februari
Nimefagia stoo ya zahanati ninayoitunza. Petroli ya boti ya wagonjwa imebaki nusu pipa, ipo tangu kabla ya mvua. Fundi Osmundi kaniuliza tena kama nilitia ile dawa ya kuzuia mafuta yasiharibike. Nikasema nimetia. Uongo. Chupa sijaifungua. Mimi mtu wa kahawa, nimekulia Kigonsera. Kwetu mti haupigwi dawa mpaka ugonjwa wa kutu uonekane kwenye majani. Petroli hainuki vibaya, dawa ya nini?

Alhamisi, 5 Februari
Daraja limesombwa. Magari hayapiti. Mkamwana wangu Stela, mimba ya miezi minane, kavimba miguu na presha inapanda. Muuguzi anasema ikizidi apelekwe hospitali ya Liuli kwa boti. Nimefungua pipa. Rangi ya chai, harufu ya vanishi. Nimemimina chupa nzima ya dawa. Sasa itapona.

Ijumaa, 6 Februari
Haikupona. Injini inakohoa, inazima. Kabureta imejaa uchafu unaonata kama utomvu. Nikauliza kijanja, je, mtu akitia dawa sasa? Osmundi akasema, "Mama, ile inazuia kuharibika. Yakishaharibika haiyafufui." Watu ufukweni wanamlaumu yeye, eti kaua injini. Nimewaacha wamlaumu. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 7 Februari
Asubuhi Stela kaanza kuona giza, kichwa kinampasuka. Nikamwona mwanangu anavyomshika mkono. Nimekimbia kijiweni kwa madereva wa bodaboda, kanga moja tu. Nimesema yote mbele yao: aliyeharibu petroli ni mimi, Osmundi msimsingizie. Mmoja akacheka. Kisha wakachomoa mipira ya matangi, wakajaza petroli kwenye chupa za maji, mpaka pikipiki zote zikakauka. Osmundi alikuwa ameshasafisha kabureta. Hakunitazama. Akachanganya oili, akavuta kamba. Mara ya nne ikawaka. Ziwa limechafuka, na wameondoka na Stela hivyo hivyo. Nimebaki huku. Naogopa.

Jumapili, 8 Februari
Hakuna habari. Misa sikuisikia.

Jumanne, 10 Februari
Nimefika Liuli kwa boti. Mtoto wa kike, kwa upasuaji. Mdogo sana, anapumua vizuri. Stela alikuwa hajui lolote la petroli. Nimemweleza mwenyewe, na ule uongo wa dawa pia. Kageukia dirishani. Baadaye kanyanyuka polepole, kanipa mtoto nimshike, akaenda kuoga.